Kabla Ni Mimi, Baada Ni Mdogo Wangu

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita mliniacha sakafuni.

Nilikuwa chali katikati ya sebule ya mama mkwe, miguu juu, vipande vya kiti chini yangu, na wageni wote wakitafuta pa kuelekeza macho ili wasicheke. Kwa aliyekosa gazeti hilo, nimpe habari kwa ufupi. Mimi ni fundi makochi. Mtaani naitwa Fundi Bonge, na sijawahi kumuuliza mtu kwa nini. Siku ile tulikwenda kumposea mdogo wangu, ambaye kwa wembamba wake anaitwa Sindano. Binti aliyempenda ni mdogo wa mke wangu, kwa hiyo mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa anakaribia kuwa mama mkwe wake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipojiegemeza.

Mama mkwe alikitazama kiti. Akanitazama mimi. Akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi:

"Mazungumzo haya tutayamaliza siku nyingine, wanangu. Tukishapata viti."

Tukarudi nyumbani bila mchumba.

"Kaka, sikulaumu," Sindano aliniambia njiani.

"Asante, mdogo wangu."

"Nakulaumu kidogo tu."

Hapo ndipo nilipokata shauri kupungua. Si kidogo kidogo. Nilitaka nilale mnene, niamke mwembamba, niende kwa mama mkwe nikae kwenye kiti chochote nitakacho.

Nikamtafuta Dokta Kopo.

Udokta wake hakuna aliyejua aliupata wapi. Alikuwa na koti jeupe, sauti nzito, na meza ya makopo ya kijani kando ya soko. Ndani ya makopo mlikuwa na majani makavu aliyoyaita Chai Yeyusha. "Mafuta yanayeyuka kama siagi kwenye kikaango," alisema. "Wewe ni kunywa na kungoja."

Nikanywa. Nikangoja. Sikungoja sana.

Chai ile haikuyeyusha kitu. Ilifukuza. Karakana yangu na choo cha uani vimetenganishwa na mlango mmoja na kamba ya kuanikia nguo, lakini wiki ile niliiona njia ile ndefu kama ya kwenda ng'ambo. Mteja anakuja kuchagua kitambaa, namshikisha sampuli, natoweka. Nikirudi, naye ametoweka.

Nilipopanda mizani nilikuta nimepungua. Nikashangilia, nikanywa maji kwa kiu niliyokuwa nayo, nikapanda tena. Nilichopunguza kilikuwa kimesharudi, kimekaa mahali pake, kinaniangalia.

Kabla sijalirudisha kopo, mwenyewe akaja. Dokta Kopo aliingia karakanani na mpiga picha nyuma yake.

"Fundi wangu! Nimekuja kupiga picha ya mafanikio."

"Mafanikio gani, Dokta? Nitazame."

Akanitazama mbele. Akazunguka akanitazama nyuma, akachukua muda. Uso ukamshuka.

"Picha ya 'kabla' tunayo," alisema mpiga picha.

Wakati huohuo Sindano akaingia amebeba sponji kichwani. Akaitua, akafuta jasho. Dokta Kopo akamwona. Akaniona mimi. Akamwona tena.

Niwaambie ukweli, mimi na mdogo wangu tumefanana sura kabisa. Pua ileile, paji la uso lilelile, hata pengo la meno ya mbele ni moja. Tofauti yetu inaanzia shingoni kwenda chini.

"Huyu ni nani?" Dokta Kopo aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Mdogo wangu."

"Kuanzia leo," alisema, "huyu ni wewe."

Mngekuwa ninyi mngekataa. Mimi nilisema hapana mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Nina sababu, na sitaipaka rangi. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kuambiwa hongera kwa ajili ya mwili wangu. Nimeambiwa pole, nimeambiwa jitahidi, nimeambiwa sogea kidogo. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu watu wanione wapige makofi. Hata kama anayepigiwa makofi ni mdogo wangu.

Sindano hakuambiwa mara mbili. Alivaa shati langu, likamning'inia kama shuka lililoanikwa, akavuta kiuno cha suruali yangu mbele kuonyesha nafasi iliyobaki. Mpiga picha akabofya.

Bango likapanda kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko. Kushoto, KABLA: mimi, nimenuna. Kulia, BAADA: Sindano, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Na balaa likaanza.

Asubuhi yake mwalimu mmoja aliyeagiza makochi kwangu aliingia karakanani akiangaza macho.

"Fundi yuko wapi?"

"Mimi hapa, mwalimu."

"Siyo wewe. Yule aliyepungua. Nimemwona kwenye bango."

Ningefanya nini? Nilikuwa nimeshika nyundo, sina pa kukimbilia.

"Ametoka," nikasema. "Mimi ni kaka yake."

Alinikagua kwa huruma. "Na wewe mbona humuigi mwenzako? Ona alivyojitahidi. Nidhamu, ndugu yangu. Nidhamu tu!"

Nikasimama ndani ya karakana yangu nikisemwa kwa kushindwa kujifikia mimi mwenyewe.

Alipotoka, nikasikia kicheko nyuma ya rundo la vitambaa. Sindano alikuwa ameketi sakafuni, machozi yanamtoka.

"Usijali, kaka," alisema. "Akirudi nitamwambia namfahamu kaka yangu, ana moyo mzuri."

Mdogo wangu alianza kuishi maisha yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuyaishi. Kila alikopita alishikwa mkono. Wazee walimwita wamguse tumbo. Fundi nguo wa jirani alijitolea kuzibana suruali zangu zote, nami jioni nikajaribu kuivaa mojawapo. Ilinifika magotini ikagoma.

Mke wangu ndiye dereva wa karakana. Anaendesha pikapu yetu ya kubebea makochi. Siku hiyo aliingia jikoni, akaweka funguo mezani, akakaa.

"Baba watoto, nimekutana na mume wangu barabarani."

Nikafunua sufuria, nikaifunika tena.

"Amependeza kweli. Mwembamba, anacheka. Nikampungia mkono. Unadhani atarudi nyumbani lini?"

"Mama watoto, ilikuwa utani tu."

"Utani wa ukubwa ule unaonekana mpaka ng'ambo ya soko."

Kabla sijajitetea simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu!" Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. "Nimesikia! Nimeletewa picha ya bango lako kwenye simu. Hongera, baba. Hongera sana!"

Jamani. Lile neno. Lilinishuka kooni kama asali. Niliona mke wangu ananikazia macho, nikageukia ukutani ili nilifaidi.

"Asante, mama," nikasema. "Ni juhudi tu."

"Basi mlete mdogo wako tumalize yale mazungumzo. Binti naye haishi kuniuliza. Njooni wiki hii."

"Wiki hii kazi zimenibana, mama."

"Wiki ijayo, basi."

"Wiki ijayo zitanibana zaidi."

Nikakata simu, na asali ikageuka shubiri. Posa ya mdogo wangu ilikuwa imefufuka kwa sababu ya picha, na siku nitakayoonekana mlangoni, itakufa tena. Kwa hiyo nilitakiwa nipungue mpaka nifanane na Sindano, upesi, kabla mama mkwe hajaishiwa uvumilivu.

"Umemaliza kudanganya?" mke wangu aliuliza.

"Kwa leo."

"Basi kesho tunakwenda kliniki."

"Nikapigwe hotuba? Siendi. Naijua: acha uvivu, funga mdomo, jipende."

Akaacha utani. Ninapomwona hivyo huwa naogopa.

"Sikupeleki kwa ajili ya tumbo. Nimelizoea. Unapolala unakoroma, halafu unanyamaza. Hupumui. Mimi nakaa macho nakungoja urudi. Kuna siku umechelewa sana kurudi, mume wangu. Nimechoka kungoja."

Nikaenda.

Sista wa kliniki ya presha alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilijikaza kisabuni nikisubiri hotuba. Hakuitoa. Alichukua mkanda wa kupimia presha, akauzungushia mkono wangu, akauondoa.

"Huu ni mdogo kwako. Nikikupima nao tutadanganyana."

Akafungua kabati, akatoa mwingine, mpana. Sikuwahi kujua kama upo. Miaka yote hiyo nilidhani mkono wangu ndio wenye makosa.

"Unalala vipi?"

"Nalala vizuri sana," nikasema.

"Halali," mke wangu akasema. "Juzi alisinzia mchana ameshika stepla. Akapigilia suruali yake kwenye kochi la mteja."

Nikamwomba anisaidie kidogo zaidi kwa kutonisaidia.

"Kwenu kuna wenye mwili?"

"Baba. Shangazi zangu. Hata picha ya babu ilitafutiwa fremu pana."

"Unakunywa nini ukiwa kazini?"

"Soda moja moja."

Mke wangu akacheka peke yake, kwa muda.

Sista akavaa miwani.

"Nisikilize, fundi. Unene siyo dhambi, na wala usiseme ni uvivu. Ni maradhi, kama presha ilivyo maradhi. Kuna ulichorithi. Kuna huo usingizi wako usiokupumzisha, ambao mchana unakuamshia njaa. Kuna soda. Kuna kukaa kutwa ukipigilia misumari. Na mwili nao ni mjanja. Ukiunyima chakula ghafla, unadhani njaa imeingia nchini. Unakuongezea hamu ya kula, unabana matumizi, unaweka akiba. Wangapi wamekuambia huna nidhamu?"

"Wa mwisho alikuwa mwalimu. Aliniambia nijiige."

"Ujiige?"

"Ni habari ndefu, sista."

Alinieleza tutakavyokwenda. Kwanza ule usingizi ukapimwe. Soda ziage. Sahani ianze na mboga, wanga ukae pembeni. Nitembee kila siku, mwendo mfupi kwanza, ili magoti yasinichukie. Daktari aangalie kama kuna dawa inayonifaa. Na hata nikipungua sehemu ndogo tu ya uzito wangu, alisema, moyo na presha vitashukuru.

"Sehemu ndogo hainitoshi," nikaropoka. "Nataka kuwa kama yule wa kwenye bango!"

"Bango gani? Lile la Yeyusha?" Akanitazama vizuri. Akashusha miwani, akaipandisha. "Yule wa 'kabla' mbona ni wewe?"

"Ni kaka yangu."

Mke wangu akakohoa.

"Na wa 'baada'?"

"Ni mdogo wangu."

"Kwa hiyo kati yao wewe ni nani?"

Kwenye ukoo wangu mwenyewe nafasi zilikuwa zimekwisha.

Sista hakucheka. Alisema ile chai ni majani ya kuharisha. Inatoa maji, mafuta yanabaki palepale. Kwa mtu wa presha, akiharisha hivyo na kuacha dawa zake, inaweza kumlaza asiamke. "Bango lile lishushwe," alisema. "Na wa kulishusha ni wewe, maana lina uso wako."

Nikaahidi kesho. Kesho ikafika, nikasema Jumatatu. Jumatatu ikafika, nikatembea mpaka kwenye mzunguko kama sista alivyoniagiza, nikalitazama bango, nikatembea kurudi. Angalau mazoezi niliyafanya.

Soda niliziaga. Kuna siku nilisimama mbele ya friji la dukani kama mtu aliyekwenda kumsindikiza ndugu. Mboga nilikula, nikazoea. Usingizi ulipopimwa, nilipewa kifaa cha kujaribu, cha kuvaa puani nikiwa nimelala, kinanipulizia hewa na kuvuma kama feni, na asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani nimeazimwa kichwa cha mtu mwingine. Kilikuwa chepesi. Mke wangu alikuwa amelala fofofo pembeni yangu, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Sikumwamsha.

Kwenye mizani nilikuwa nimepungua kidogo tu. Lakini safari hii nilikunywa maji na nilichopunguza hakikurudi.

Nikaanza kufikiri kwamba labda mambo yatanyooka. Ndipo mama mkwe alipokuja mwenyewe.

Hakupiga simu. Nilikuwa karakanani, nimekalia kochi jipya kulijaribu, maana ndivyo ninavyouza: likinibeba mimi, wewe lala usingizi. Sindano alikuwa anakata sponji. Mlango ukaingia giza, kumbe ni yeye.

"Hodi wenyewe!"

Sindano akaangusha kisu. Mimi nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Mama mkwe alimtazama Sindano, akatabasamu. Akanitazama mimi. Tabasamu likabaki mdomoni likiwa halina kazi.

"Mwanangu," alisema polepole, "umerudia?"

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, nimenenepa tena, kazi nyingi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini akaendelea kabla yangu.

"Usiniambie umeacha kunywa. Mimi sijaacha. Tazama." Akafungua mkoba, akatoa kopo la kijani. "Tangu nilipokuona kwenye bango. Hata vile vidonge vya presha nimeviweka kando, maana chai hii inasafisha kila kitu. Nimekuwa mwepesi, baba, mwepesi mpaka ninazunguka."

Nikainuka kwenye kochi.

"Mama, unazungukaje?"

"Kichwa. Kinazunguka, na macho yanaona wawiliwawili. Sasa hivi nawaona wanne, na wawili kati yenu ni wanene sana."

"Mama, kaa chini."

"Nimekuja kuongea habari ya posa, si kukaa."

"Mama, nisikilize. Yule wa kwenye bango si mimi. Kabla ni mimi. Baada ni huyu hapa, mdogo wangu. Chai haijampunguza mtu yeyote. Ni uongo, nami nimeshiriki. Tafadhali mama, kaa, tukupeleke kliniki."

Niliyasema yote kwa pumzi moja. Nilitegemea anipige na mkoba.

Akacheka.

"Mchoyo wewe. Unataka kopo ulinywe peke yako."

Akageuka kumwambia Sindano kitu, neno likamkwama, magoti yakamlegea. Tulimdaka mimi na mdogo wangu, tukamketisha kwenye kochi. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanaangalia popote.

"Mama watoto!" nilipiga kelele. "Leta gari!"

Mke wangu aliingia, akamwona mama yake, akafunga mdomo kwa kiganja. Kisha akakimbilia kwenye usukani. Tulijaribu kumwinua mama mkwe; akashika mkono wa kochi akang'ang'ania, akasema kwa sauti nyembamba kwamba akisimama dunia inageuka.

"Basi twende na kochi," nikamwambia Sindano.

Tukaliinua kochi na mama mkwe juu yake. Miaka yote nimebeba makochi matupu. Lile nililibeba nikiwa namwomba Mungu katika kila hatua. Tukalipandisha kwenye pikapu, nikalishikilia upande mmoja, Sindano upande wa pili, mke wangu akaondoa gari.

Njia ya kliniki inapita kwenye mzunguko. Magari yalikuwa yamesimama, nasi tukasimama, chini ya bango kabisa. Mimi kushoto, Sindano kulia, mama mkwe katikati amelala kwenye kochi la maua. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilikuwa juu ya gari.

"Jamani!" muuza matunda mmoja alipiga kelele. "Si Kabla na Baada hao?"

Watu wakageuka. Simu zikatoka mifukoni.

"Kumbe ni wawili!"

"Na huyo mama ni 'wakati'?"

Walicheka mpaka walipomwona mama mkwe vizuri. Kicheko kikakatika, wakaanza kuyapigia magari makofi yatupishe. Wengine walikimbia mbele yetu kutufungulia njia. Nilisikia mtu akisema, "Mke wangu naye anakunywa hiyo kitu," na sauti yake haikuwa ya utani.

Sista alitupokea mlangoni. Safari hii hakuniuliza mimi ni nani.

Walimwingiza mama mkwe nyuma ya pazia, mke wangu akaingia naye. Mimi na Sindano tukaachwa kwenye korido. Nilitafuta pa kukaa, nikageukia benchi la wagonjwa wanaosubiri kupimwa presha. Mwisho wa benchi alikuwepo bwana mmoja amekunja mkono wa shati mpaka begani, ameshika kadi yake ya kliniki, kofia imemfunika uso.

Koti jeupe alikuwa amelikunja, amelikalia.

"Dokta Kopo?"

Akainua kofia kidogo. "Fundi wangu. Dunia ndogo."

"Unafanya nini hapa?"

"Nimepita tu."

"Umepita na kadi? Unachukua vidonge hapa? Vya kweli?" Sauti yangu ilianza kupanda yenyewe. "Mama mkwe wangu yuko nyuma ya pazia lile kwa ajili ya kopo lako, na wewe unameza dawa za hospitali?"

"Punguza sauti, nakuomba."

"Sipunguzi! Watu wote hawa nitawaambia sasa hivi. Kabla ni mimi, Baada ni mdogo wangu, na Dokta ni mgonjwa wa presha!"

Alinishika mkono wa shati, akanivuta karibu. Hakuwa na ile sauti nzito tena.

"Sema. Una haki. Lakini kabla hujasema, muulize mdogo wako nani aliyempelekea mama yule kopo. Maana mimi sijawahi kumuuzia. Simjui hata kwa sura. Huyo ndiye aliyekuja kwangu kuchukua zawadi ya mkwe."

Niligeuka.

Sindano alikuwa anatazama viatu vyake kama vya mtu mwingine.

"Mdogo wangu?"

"Nilimpelekea zawadi, kaka," alisema, sauti haisikiki. "Posa ilikuwa imekwama. Nikaona nimpelekee yeye mwenyewe, anifahamu, anipende. Alikuwa ameliulizia lile kopo kwa hamu. Sikumwambia aache vidonge. Naapa sikumwambia."

"Ulikuwa unajua kuwa ni uongo. Wewe ndiye uongo wenyewe!"

"Nilidhani ni majani tu. Nilidhani itaishia chooni, kama wewe."

Nilitaka kumrukia. Lakini alikuwa analia, mdogo wangu yule mrefu mwembamba, analia bila sauti, anajifuta kwa shati langu ambalo tangu siku ya picha hakuwahi kunirudishia.

"Kaka, binti akijua ni mimi, imekwisha."

Pazia likasogea. Mke wangu akatoka, macho mekundu, kopo la kijani mkononi.

"Vipi mama?" nikauliza.

"Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi. Wamempa dawa, inaanza kushuka. Ameanza kusema. Sista anasema bado hawezi kuahidi kitu." Akavuta pumzi. Akaliinua kopo. "Sasa nataka jibu moja. Nani alimpa mama yangu hiki kitu?"

Benchi lote likatugeukia. Dokta Kopo alivuta kofia mpaka kwenye pua. Sindano akasogea kujificha nyuma ya bega langu.

Nikamtazama mke wangu, aliyekesha akiningoja nirudi kupumua. Nikamtazama mdogo wangu.

"Mimi," nikasema.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliniwekea kopo mkononi, akasogea mbali nami.

Ndipo sauti ya mama mkwe ilipotoka nyuma ya pazia. Ilikuwa dhaifu, lakini kila neno lilifika.

"Mwongo huyo! Mleteni humu ndani. Peke yake. Na yule mwembamba mkamateni asiondoke."